Kambi ya macho ikiisha, nani anarudi Mwakaleli?

Ukikaa Mbeya haupiti muda mrefu hujasikia gari la matangazo linapita Mwanjelwa au Soweto na spika juu, "uchunguzi wa macho bure, njoo wewe, njoo na mzazi wako, njoo na jirani yako", na watu wanaenda kweli, wanajaa uwanjani toka asubuhi na baridi lote lile, wazee wamejifunika mablanketi mabegani. Mi nikisikia lile tangazo roho yangu inafurahi. Kliniki ninayofanyia kazi ni ndogo, ipo hapa hapa mjini, tunapima macho na kutengeneza miwani, na toka nimeingia pale mapokezi nimekuta utaratibu wa kutoka: Jumamosi moja moja tunafunga duka, tunapakia meza, kadi za kupimia, tochi na maboksi ya miwani kwenye Noah, tunaelekea kijijini ambako mtendaji na mchungaji walishatangaza wiki nzima, na siku hiyo hatozwi mtu hata mia.

Naipenda hii kazi. Na kwa vile naipenda ndo nataka niseme wazi kitu ambacho naona hakisemwi, kwamba siku ya kambi yenyewe ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi inaanza Jumatatu, pale ambapo mahema yameshakunjwa, picha zimeshapostiwa, na mtu aliyeambiwa "bibi una mtoto wa jicho, inabidi ufanyiwe upasuaji" amesharudi zake Mwakaleli, kule Busokelo, na karatasi ya rufaa, na hakuna wa kumuuliza ameenda au hajaenda.

Kwa ambao hawajawahi kuona kambi ya macho inavyokwenda, iko hivi. Mimi nakaa meza ya kwanza, naandika jina, umri, kitongoji na namba ya simu, na kama mtu hana simu naandika ya mjukuu au ya balozi wa nyumba kumi, maana hiyo namba ndo kila kitu, ntaeleza mbele. Halafu mtu anasogea kwenye kamba. Tunapima mita 6 kwa kamba ya katani, mwisho mmoja kiti, mwisho mwingine kadi yenye herufi E zimegeuzwa juu, chini, kushoto, kulia, ili hata asiyejua kusoma aonyeshe kwa mkono tu E inaangalia wapi. Wazee wengine mwanzoni wanasita, wanadhani ni mtihani na watafeli mbele za watu, kwa hiyo tunamweka pale kijana mwenye maneno mazuri, anayejua Kinyakyusa, anaanza kwa kuwasalimia na kuwauliza habari za shamba kwanza.

Asiyeuona mstari tunaoutaka anapewa kipande cheusi cha plastiki chenye vitundu vidogo vidogo, anafunika jicho moja, na la pili anaangalia kwa vile vitundu. Hapo huwa nainua kichwa kuangalia hata kama foleni inanisubiri. Kama kwa vitundu anaona vizuri zaidi, basi tatizo lake kubwa ni la miwani, kwa sababu kitundu kinapitisha mwanga mwembamba ulionyooka na picha inatulia nyuma ya jicho. Kama haibadiliki kitu, mara nyingi kuna jambo ndani ya jicho lenyewe, mtoto wa jicho, kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho, presha ya macho au shida ya kule nyuma kabisa, na huyo anaelekezwa upande wa daktari. Kipande cha plastiki tu, na kinagawa kijiji kizima kwenye foleni mbili.

Foleni ya miwani ndo inayoenda haraka, na mi naomba watu waipe heshima yake maana wengi wanaiona ni huduma ndogo. Ukivuka miaka 40 lenzi ya jicho inaanza kukakamaa, haijibadilishi tena vizuri kuangalia kitu cha karibu, na hilo halina msomi wala mkulima, linatufikia wote. Fundi cherehani anashindwa kutunga uzi, mama anachambua mchele na mawe yanampita, mzee wa kanisa anaisogeza Biblia mbali mpaka mkono unaisha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuilika au lipo tu halijashughulikiwa, na ndani ya hiyo bilioni watu milioni 826 shida yao ni hii ya kuona karibu. Milioni 826! Na dawa yake ni miwani ya plasi moja, plasi moja na nusu, plasi mbili.

Watu wa Rungwe na Mufindi hili linatuhusu moja kwa moja. Kuna utafiti ulifanyika kwenye mashamba ya chai ya Assam kule India, ukachapishwa 2018, wakachukua wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea ambao kuona karibu kumewaishia, nusu wakapewa miwani pale pale na nusu wakapewa mwisho wa utafiti, na wale wa miwani waliwazidi wenzao kwa ongezeko la karibu asilimia 22 kwenye uzito wa chai wanayochuma kwa siku. Miaka kadhaa baadaye, 2024, ukatoka mwingine wa Bangladesh kuhusu mafundi na watu wa kazi za mikono, kipato cha waliopewa miwani kikapanda kwa theluthi hivi. Anayejua kuchuma chai anaelewa kwa nini, unatafuta majani mawili na chipukizi, macho yakishindwa unakamata na majani magumu, unapunguza mwendo, na kule unalipwa kwa kilo. Nikimwona mama mchuma chai wa miaka 50 anavaa miwani yake ya kwanza, anageuza kiganja chake anaangalia mistari ya mkono, najua hapo familia imeongezewa hela.

Sasa nizungumzie maboksi. Kuna huu moyo mzuri wa watu wa nje, na hata wa Dar, wa kukusanya miwani iliyotumika na kuituma vijijini. Moyo ni mzuri, sibishani nao. Lakini miwani iliyotengenezwa kwa macho ya mtu fulani ni ya macho ya mtu huyo, jicho la kulia lina namba yake, la kushoto yake, na kuna waliopinda kioo cha jicho ambao lenzi yao inakatwa kwa mwelekeo wake maalumu, ukimvalisha mwingine kichwa kinamuuma siku nzima. Watafiti waliwahi kuchukua miwani 275 ya msaada wa namna hiyo, wakachapisha 2012, ikaonekana iliyofaa kutumika ni asilimia 7 tu, na ukipiga hesabu ya kuisafirisha, kuisafisha, kuipima na kuipanga, gharama inazidi ya kumpa mtu miwani mpya ya kawaida. Sisi wenyewe tumeshapokea boksi kama hilo, tukakaa jioni kadhaa tunaziweka kwenye mashine moja moja, nyingi zimechubuka, nyingine namba zake hata huwezi kumpata mwenye nazo. Na kuna suala la heshima pia jamani, mzee wa watu umri wa babu yako unampa fremu ya kike ya rangi ya waridi unamwambia ndo iliyopo, hataivaa, ataiweka kabatini na atakushukuru kwa adabu tu. Ile hela ya kusafirishia boksi, ikinunua miwani mipya ya kusomea hapa hapa nchini, inafika kwa watu wengi zaidi na wanachagua wenyewe.

Foleni ya pili ndo iliyonifanya niandike.

Kuna bibi wa kule Mwakaleli, Busokelo, alikuja kambini anaongozwa na mjukuu wake wa kiume wa darasa la nne, mtoto ameshika ncha moja ya fimbo, bibi ncha nyingine. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba mjukuu wangu, wewe ni wa nani?" Nikamwambia baba yangu ni nani na anatokea wapi, akatulia, tukaendelea. Macho yote mawili mboni nyeupe, hahitaji hata kadi ya E, daktari alimmulika tochi akamuuliza mwanga unatoka wapi, akaonyesha sawasawa kila upande, na hiyo ni dalili njema, maana yake nyuma ya jicho huenda pako sawa na kilichozuia ni mtoto wa jicho tu. Akaandikiwa rufaa. Tukampa na maelezo. Yule mtoto nikamuuliza shuleni vipi, akasema anaenda siku ambazo bibi hana pa kwenda.

Muda ukapita, ikafika zamu ya kupiga simu kwa majina ya Mwakaleli, nikampigia balozi. Hajaenda. Nikauliza kwa nini, na majibu aliyonipa balozi ndo majibu ninayoyapata kila kijiji, iwe Umalila, iwe Ileje, iwe Mbozi. Hela ya upasuaji haikuwa ya kwanza hata kidogo. Toka Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imeandikwa kwamba wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure kwenye vituo vya serikali, na dirisha la wazee watu wanalijua. Kilichomkwamisha bibi ni kutoka Mwakaleli mpaka Tukuyu, Tukuyu mpaka Mbeya, watu wawili kwenda na kurudi, kula, pa kulala msindikizaji, na huyo msindikizaji mwenyewe ni nani? Mwanae wa kiume yupo Chunya machimboni, mkwe ana mtoto mgongoni na viazi vipo shambani vinasubiri kuvunwa, mjukuu ni mtoto, hospitali haiwezi kumpokea kama mtu mzima wa kumwachia mgonjwa. Na juu ya hayo yote bibi alishasikia kwamba kule jicho linatolewa nje, linasafishwa, alafu linarudishwa. Mtu mwenye hofu hiyo ukimpa karatasi ya rufaa peke yake umempa nini?

Hilo la jicho kutolewa halikuondolewa na daktari. Liliondolewa na mzee wa kitongoji cha jirani aliyewahi kufanyiwa, tukamwomba aende akakae naye. Alienda, wakanywa chai, akamweleza kwamba unachomwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho, unasikia wanaongea, hakuna kinachotolewa isipokuwa ile lenzi iliyoingia ukungu, wanapasua kidogo pembeni wanaitoa wanaweka lenzi ya bandia mahali pake, na kwa daktari mwenye mkono mzuri haifiki hata nusu saa. Akamwonyesha na jicho lake. Kesho yake balozi akanipigia mwenyewe, bibi amekubali.

Tukasubiri mpaka tukapata wenzake wa njia ile ile wakajaza gari, kliniki ikalipa nauli na chakula, jirani mmoja akajitolea kuwa msindikizaji wa wote, na mama wa kanisa hapa mjini akatoa chumba cha kulala. Mimi nilikuwepo asubuhi wanayofungua bandeji. Bibi aliangalia dirisha, akaangalia wenzake, alafu akafungua fundo la pindo la kanga yake akatoa hela zake, akaanza kuzihesabu mwenyewe kwenye shuka, hii elfu tano, hii elfu mbili, hii elfu moja, anazigeuza anaangalia na nyuma. Kwa miaka yote ile alikuwa anaambiwa tu na watu kwamba hii ni elfu ngapi. Alivyomaliza akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, kwa nesi, akafunga fundo lake.

Na hapo bado kazi haijaisha, kuna matone ya wiki kadhaa, asibebe mzigo mzito, asiiname shambani, asikae jikoni kwenye moshi wa kuni, arudi aangaliwe, jicho la pili lipangiwe, na apate na miwani ya karibu kwa sababu lenzi ya bandia haijikunji yenyewe. Nani anampeleka hayo matone yakiisha kabla ya muda? Mhudumu wa afya wa kijiji, kama yupo na kama tumempa taarifa. Mjukuu alirudi darasani moja kwa moja, hilo nalo nalihesabu kwenye faida ya upasuaji, jicho la bibi lilikuwa linamsomesha mtu au linamkatisha.

Akina mama ndo nawahurumia zaidi kwenye hili. Duniani kote wanawake ni wengi kuliko wanaume kati ya wasioona, na kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho sehemu nyingi wanaume ndo wanaofikiwa zaidi, wataalamu wa kituo cha Kilimanjaro Centre for Community Ophthalmology kule Moshi wamelichimba sana suala hili. Ukikaa meza ya mapokezi unaliona bila kuambiwa. Baba akianza kutoona familia inakaa kikao, mbuzi anauzwa, vijana wanachanga. Mama akianza kutoona inasemekana ni uzee, anakaa jikoni, anajua njia ya bombani kwa mazoea, na yeye mwenyewe ndo wa kwanza kusema "mi nimeshakula chumvi, hela wapeni watoto ada". Kwa hiyo sisi sasa hivi kwenye nauli tunaanza na akina bibi, na hatuombi radhi.

Ila kama mnataka kujua kujitolea kwa ajili ya macho kukoje kwenye nchi hii ya Wanyakyusa, msituangalie sisi wa kliniki. Ukanda wa Tukuyu unajulikana kitaifa kama moja ya maeneo ya usubi, ugonjwa unaoletwa na vile vinzi vyeusi vidogo vinavyozaliana kwenye mito iendayo kasi, na mito ya namna hiyo huku tumejaaliwa. Nzi anakuachia minyoo, minyoo inazaa vijidudu vinavyotembea kwenye ngozi mpaka kwenye jicho, ngozi inawasha miaka na miaka na wengine wanaishia kupofuka. Dawa yake, ivermectin, kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itaitoa bure kwa kadri itakavyohitajika, na waliofanya kazi ya kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa tuzo ya Nobel 2015. Ni habari kubwa hiyo. Lakini dawa ile inaua wale wadogo, minyoo mikubwa inaendelea kuishi mwilini miaka kumi na zaidi, kwa hiyo kumeza mara moja hakutoshi, inatakiwa mwaka huu, na mwakani, na mwaka unaofuata.

Sasa nani alikuwa anapita kila mwaka? Ni wanakijiji wenyewe, waliochaguliwa na wenzao kwenye mkutano, wanatembea nyumba hadi nyumba kwenye migomba na daftari na kijiti cha kupimia urefu, unasimama pale, urefu wako ndo unaosema vidonge vingapi, mtoto ambaye hajafika sentimita 90 hapewi, mjamzito anasubiri. Hawana koti jeupe wala gari la matangazo. Wanajua nani alikuwa shamba siku ya dawa, nani ametoka Kyela jana, nani anatema kidonge akishageuka. Wanarudi. Mi naamini hao ndo walimu wetu, na kliniki yoyote ya macho inayotaka kusaidia Rungwe au Busokelo ianze kwa kuwatafuta wao kabla haijatengeneza fulana.

Kwenye presha ya macho kutorudi kunaumiza kuliko kote. Mtoto wa jicho hata ukichelewa mara nyingi unaweza kurudishiwa kuona. Presha ya macho ikishakula mshipa wa fahamu wa jicho kilichopotea hakirudi, na inakula kimya kimya kuanzia pembeni, mtu anaanza kugonga milango na kuparamia ndoo anadhani ni haraka zake. Ikigundulika, kwa wengi tiba ni matone kila siku, maisha yote. Chupa moja ukishaifungua ni ya mwezi mmoja hivi. Kambi ikimkuta mzee na presha ya macho, ikampa chupa moja ya bure, ikapiga picha ikaondoka, jamani, mwezi wa pili anatumia nini? Tulikaa kikao juu ya hili pale kliniki na daktari wetu akasema jambo ambalo nakubaliana nalo kabisa, ni heri kuwa na wagonjwa wachache wa presha ambao tuna hakika ya matone yao kila mwezi kuliko kugawa chupa kwa msururu. Na ndugu zake wa damu waje wapimwe, maana ugonjwa huu unatembea kwenye familia.

Usangu nako kuna yake, ntapita haraka. Msimu wa mavuno ya mpunga kule Mbarali, ncha ya mpunga au kipande cha jani kinamkwangua mtu jichoni, kidonda kinaingia fangasi, naye anakimbilia duka la dawa anauziwa matone yoyote, na yakiwa ya steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe na wekundu, ndo yanaupa ule ugonjwa nguvu. Wengine wanaweka majani, wanaweka maziwa ya mama. Huko tumeona kukaa na wauza maduka ya dawa mchana mmoja tu, tukawaambia jicho jekundu lenye doa jeupe usiliuzie kitu, lipandishe bajaji liende hospitali leo leo, kunaokoa macho mengi kuliko hema letu.

Shuleni ndo napenda zaidi kwa sababu matokeo yanaonekana upesi. Mwalimu akielekezwa vizuri anaweza kupima darasa zima kwa kadi ya E na kamba, na wale wasioona mstari ndo tunaletewa. Tatizo ni lile lile, barua inaenda nyumbani kwenye begi, inarudi kwenye begi. Wenzetu wa Kenya walilijaribu hili kwenye shule 50 upande wa Kitale, kwa programu ya simu ya Peek: mtoto akishindwa kipimo mzazi anatumiwa ujumbe wa kumkumbusha, tena anaonyeshwa picha ya jinsi mwanae anavyouona ubao. Utafiti ulichapishwa 2018, kati ya waliopewa rufaa kwa utaratibu huo asilimia 54 walifika hospitali, na kwa utaratibu wa karatasi ya kawaida asilimia 22. Hospitali ilikuwa ile ile na watoto walikuwa wa aina ile ile. Kilichoongezeka ni mtu kukumbushwa na kuonyeshwa. Toka nimesoma hilo napiga simu bila kuona ni usumbufu, mzazi akinikatia narudia kesho.

Kuna wanaosema hizi kliniki zinaenda vijijini kutafuta wateja. Wanalisema mbele yangu pia. Ni kweli duka letu linaishi kwa watu wanaonunua fremu hapa mjini, na ni hela hiyo hiyo inayotia mafuta kwenye Noah, na siku ya kambi hatupeleki fremu za kuuza hata moja, anayehitaji miwani ya kutengenezwa kwa namba yake tunaitengeneza na kuirudisha kijijini kwa mikono yetu. Mtu ana haki ya kuuliza. Mi namwambia aulize na swali moja zaidi, awaulize hao wa kambi yoyote inayokuja kijijini kwake: mnarudi lini, na namba ya simu ya nani tutapiga mkishaondoka? Mwenyekiti wa kijiji akipata majibu hayo kabla hajatoa uwanja, kambi nyingi zitabadilika zenyewe.

Sasa hivi tumepunguza vijiji. Zamani tulikuwa tunataka kufika kila mahali, Ileje, Chunya, Makete, sasa tumechagua vichache na tunavirudia, na daftari langu lina safu ya ziada upande wa kulia, ameenda, hajaenda, kwa nini. Hiyo safu ya kwa nini ndo inayoamua hela inaenda wapi, na mara nyingi sana inaenda kwenye nauli.

Tunarudi Mwakaleli kabla mvua hazijachanganya na ile barabara haijawa tope. Safari hiyo hatupimi wapya, tunawafuata waliofanyiwa jicho moja tuone kama wapo tayari kwa la pili, tunapeleka matone ya presha, na kuna akina bibi ambao bado wanaogopa, tunaenda na yule mzee akakae nao. Gari moja halitutoshi. Mwenye gari ya viti saba na Jumamosi moja ya kuitoa aje tuongee pale kliniki, mafuta tunaweka wenyewe. Asiye na gari anaweza kulipia nauli ya bibi mmoja na msindikizaji wake, na anayezungumza Kinyakyusa na ana subira ya kupiga simu jioni mbili kwa wiki, huyo namhitaji zaidi ya wote.